Teretrius nigrescens, mbawakawa mwinda-dumuzi

Teretrius nigrescens (Lewis, 1891) ni spishi ya mbawakawa mdogo wa familia Histeridae. Urefu wake ni milimita 2 hivi, na riziki yake ni mayai na mabuu ya dumuzi (Prostephanus truncatus), yule mtoboa mahindi anayeogopwa na wakulima wa Afrika Mashariki yote. Asili ya mwindaji huyu ni Mexico na Amerika ya Kati. Hakufika Afrika kwa bahati: aliletwa kwa makusudi, akaachiliwa Togo mwaka 1991, kisha Kenya na Benin mwaka 1992. Jina mwinda-dumuzi linalotumika hapa ni la maelezo tu.

Makala hii inamwangalia hasa kutoka Kibera na Kawangware, mitaa miwili ya Nairobi ambako mahindi hayalimwi ila hukutana. Gunia la Kitale husimama kando ya la Makueni au la Tanzania lililopitia Namanga, yote yakipimwa kwa gorogoro ileile na kusagwa kwenye kisiagi kilekile. Mdudu anayetoka na gunia mjini hapa haulizwi ukoo. Mwindaji na mwindwa hupepetwa pamoja na kukanyagwa pamoja, na ndiyo sababu suala la kumtambua lina uzito kuliko ukubwa wa mdudu mwenyewe.

Adui anayemfuata

Mwindaji huyu haeleweki bila dumuzi. Dumuzi ni mbawakawa wa familia Bostrichidae, ukoo wa watoboa mbao, aliyeingia Tanzania kutoka Amerika mwishoni mwa miaka ya 1970. Taarifa za mkoani Tabora zilichapishwa mwaka 1981, na mwaka 1983 alionekana Taveta, upande wa Kenya. Wakulima walimbandika majina ya vishindo: Scania, na baadaye Osama. Wala hawakutia chumvi. Katika maghala ya wakulima wadogo wa Tanzania ilipimwa hasara iliyofikia hadi kama thuluthi moja ya uzito wa mahindi kwa kipindi cha miezi michache. Kinachobaki kwenye gunzi ni vumbi jeupe na punje zilizo tupu ndani. Haishii kwenye mahindi, pia hutoboa mihogo mikavu na mbao za ghala lenyewe.

Kwao Amerika dumuzi si janga la kiwango hicho, hivyo watafiti wakaanza kutafuta kinachomzuia huko. Jibu lilipatikana katika mahandaki yake mwenyewe. Dume la dumuzi likipata chakula hutoa feromoni, harufu ya kuwaita wenzake, na harufu hiyohiyo humvuta mwindaji. Mdudu huyu mweusi mdogo alikuwa akinaswa kwenye mitego ya feromoni iliyotegewa dumuzi.

Namna ya kumtambua

Chekecha gorogoro ya mahindi yaliyokaa ghalani juu ya karatasi nyeupe, na kwa kawaida zitaanguka aina kadhaa za mbawakawa wadogo weusi au wa kahawia. Kwa jicho lisilozoea wote ni wadudu wa mahindi. Lenzi ya mkono inayokuza mara 10 inatosha kuwatenganisha, mradi mtu ajue aanzie wapi.

Fukusi wa mahindi (Sitophilus zeamais) ni wa kwanza kuondolewa, maana ana pua ndefu iliyopinda na mara nyingi mabaka 4 mekundu mgongoni. Tribolium castaneum, mdudu wa unga, ni bapa, mwekundu wa kahawia, urefu wa milimita 3 hadi 4, na hukimbia mara tu mwanga unapomfikia. Wanaobaki ndio wenye kuchanganya, yaani wale wenye umbo la mche duara. Dumuzi ni mmoja wao. Kichwa chake kimefichwa chini ya kidari, na mwisho wa mwili wake umekatika kwa mteremko kama ncha ya kijiti kilichochongwa kwa panga. Rhyzopertha dominica, ndugu yake mwembamba, anafanana naye ila mwisho wa mwili wake ni wa mviringo.

Mwinda-dumuzi naye ana mwili wa mche duara, na hapo ndipo wengi humkosea kwa dumuzi mchanga. Umbo hilo amelipata kwa sababu ya makazi yake, kwa kuwa mdudu anayeingia kwenye handaki la mwenzake lazima alingane nalo. Alama inayomtenga iko nyuma. Mabawa yake magumu ya mbele ni mafupi, yamekatwa kabla ya kufika mwisho wa tumbo, na pingili 2 za mwisho za tumbo hubaki wazi. Dumuzi na fukusi hawaachi sehemu hiyo wazi namna hiyo. Alama ya pili ni kipapasio: kimepinda kama kiwiko, kisha kinaishia kwa kirungu kidogo kilichoshikana. Rangi ni nyeusi ya kung'aa, ingawa aliyetoka kwenye pupa karibuni huwa wa kahawia, na hilo limewapoteza wengi waliotegemea rangi peke yake. Miundi ya miguu ya mbele ni bapa, yenye meno madogo ya kuchimbia.

Ukimgusa kwa ncha ya sindano hakimbii. Huivuta miguu yote 6, kila mmoja ukilala katika mfereji wake chini ya mwili, akarudisha kichwa ndani, akabaki kama mbegu nyeusi iliyodondoka. Muuzaji anayepepeta kwa ungo humwona hivyo, punje ya uchafu, na humtupa. Baada ya muda kipapasio hutangulia kutoka, kisha mguu mmoja, na punje ile huondoka. Kujifanya maiti ni tabia ya familia nzima. Fukusi pia huifanya, lakini miguu yake hubaki imekunjwa tumboni ikionekana wazi. Haina mahali pa kufichwa.

Mabawa mafupi peke yake hayatoshi kutoa hukumu. Mbawakawa wa jenasi Carpophilus, ambao hupenda mahindi yenye unyevu na matunda yaliyooza, nao huacha ncha ya tumbo wazi. Wao mwili wao ni bapa zaidi, wa kahawia, na kipapasio chao kimenyooka, hakina kiwiko. Tatizo kubwa zaidi linatoka ndani ya familia yenyewe. Carcinops pumilio na Carcinops troglodytes, wote Histeridae wadogo, hupatikana kwenye nafaka zilizohifadhiwa sehemu nyingi za dunia. Hao wana mwili wa yai uliobapa, na juu ya mabawa yao ya mbele kuna mistari ya vitone inayokwenda sambamba. Mabawa ya Teretrius hayana mistari hiyo, ni vitone vilivyotawanyika tu. Mpindue mdudu utazame chini ya kidari: Carcinops ana kipande kinachotokeza mbele na kuufunika mdomo kwa chini, kama kola ya shati iliyosimamishwa, na Teretrius hana.

Mabuu hutambulika kwa urahisi zaidi. Buu la fukusi halina miguu na huishi limejikunja ndani ya punje. Buu la dumuzi limepinda pia, nono upande wa kidari, lenye miguu mifupi. La mwindaji limenyooka, jeupe na laini, kichwa kigumu cha rangi iliyokolea na mataya yaliyochongoka mbele yake. Kwenye vumbi la mahindi linaonekana likipenya kwa kujisukuma, na halikai mahali pamoja.

Jina na uainishaji

Linnaeus alianzisha jenasi Hister mwaka 1758, na Gyllenhal wa Sweden akaifanya msingi wa familia mwaka 1808. Leo Histeridae ina spishi zaidi ya 4,000 duniani, nyingi zikiwa wawindaji wa mabuu ya nzi kwenye mizoga na samadi. Wengine wamehamia kwenye viota vya siafu na mchwa, wengine chini ya magome ya miti. Mwinda-dumuzi yuko katika nusufamilia Abraeinae, kabila la Teretriini, kundi la mbawakawa wa mche duara wanaowawinda watoboa mbao. Nasaba hiyo inaeleza mambo mengi. Kwa kabila hili ghala la mahindi ni ugenini. Nyumbani ni mti mkavu uliotobolewa.

Jenasi Teretrius iliwekwa na Mjerumani Wilhelm Erichson mwaka 1834. Mwaka 1873 George Henry Horn, daktari wa tiba wa Philadelphia aliyekuwa bingwa wa mbawakawa, akatenga jenasi nyingine karibu nayo, Teretriosoma. Horn huyohuyo, miaka 5 baadaye, ndiye aliyemwandika dumuzi kwa mara ya kwanza kisayansi, akamwita Dinoderus truncatus. Basi mtu mmoja alimpa jina mwindwa na pia akaunda jenasi ambamo mwindaji angewekwa, na ikapita karibu karne moja kabla ya mtu yeyote kujali kuwa wawili hao wanajuana.

Spishi yenyewe ilielezwa mwaka 1891 na Mwingereza George Lewis, mfanyabiashara wa chai aliyekuwa amekaa Japani na kugeuka kuwa mmoja wa waandishi wakubwa wa Histeridae. Aliiita Teretriosoma nigrescens. Jina hilo ndilo linalosomwa katika karibu maandishi yote ya miaka ya 1980 na 1990, zikiwemo ripoti za kumwachilia Kenya. Baadaye wanataksonomia waliihamisha katika Teretrius, na orodha za dunia za Sławomir Mazur wa Poland ndizo zinazofuatwa kwa kawaida katika familia hii. Mabano yanayozunguka jina la Lewis katika Teretrius nigrescens (Lewis, 1891) yana kazi hiyo moja: kumwambia msomaji kwamba mwandishi wa kwanza aliiweka spishi katika jenasi nyingine. Anayetafuta habari za mdudu huyu kwa jina moja tu atakosa nusu ya maktaba, na wanafunzi wa kilimo wa Nairobi wanaoandika tasnifu hujikuta wakidhani ni wadudu wawili.

Chini ya kiwango cha spishi mambo hayajatulia. Uchambuzi wa jeni za mitokondria uliofanywa na watafiti waliohusishwa na ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kilichoko Kasarani, ulichapishwa mwaka 2011. Ulionyesha kwamba wadudu wa spishi hii kutoka Amerika na Afrika wamegawanyika katika matawi ya kinasaba. Kwa macho hawatofautiani. Kwa kazi ya kudhibiti wadudu tofauti hiyo ina maana, kwa sababu mwindaji aliyekusanywa kwenye bonde la joto na yule wa nyanda za juu za Mexico huenda wasihimili baridi sawasawa.

Maisha yake

Jike hutaga mayai ndani ya vumbi la mahandaki. Kama ilivyo kwa familia yote, buu hupitia hatua 2 tu, wakati mbawakawa wengi wana 3 au zaidi. Buu ndilo mlaji mkuu, humaliza makumi ya mabuu ya dumuzi kabla ya kukomaa, kisha hujijengea kijumba cha unga na vumbi ndani ya punje au handaki na kugeuka pupa humo. Mdudu mzima naye huwinda, lakini kwa kiasi.

Udhaifu wake ni mwendo wa kuzaa. Penye joto la nyuzi 32 na unyevu wa kutosha, dumuzi humaliza mzunguko wa yai hadi mdudu mzima kwa siku 25 hivi, na jike lake hutaga mamia ya mayai. Mwindaji huchukua muda mrefu zaidi na huzaa wachache. Ndani ya gunia moja lililokwisha kuvamiwa hawezi kamwe kumfikia adui yake, na ahadi yoyote ya kwamba ghala litajilinda lenyewe kwa kuwa mwindaji yumo ni ya uongo. Anachoweza ni kupunguza idadi ya dumuzi katika mazingira mapana, vichakani na mashambani, ili wachache zaidi waruke kwenda kuanzisha uvamizi mpya.

Hoja hiyo ya vichaka si nadharia tupu. Mwaka 1993 Francis Nang'ayo na wenzake walichapisha utafiti uliotaja mazingira ya asili kuwa hifadhi ya dumuzi nchini Kenya: mitego ya feromoni ilimnasa mbali na mahindi yoyote, naye aliweza kuzaana katika mbao kavu za miti ya porini. Dawa ya ghalani haifiki huko. Mwindaji anayefuata harufu hufika.

Kenya na matokeo yake

Kazi ya Kenya ilifanywa na Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, KARI (leo KALRO), pamoja na Waingereza wa Natural Resources Institute, na kituo cha Kiboko katika ukanda mkavu wa Makueni kikawa kitovu chake. Kabla ya kumwachilia ilibidi kuhakikisha kwamba hatageukia wadudu wengine wenye faida, na uhusiano wake wa karibu na harufu ya dumuzi ndio uliompa kibali. Alishika makao na kuenea.

Je, alifaulu? Inategemea anayeulizwa amesimama wapi. Togo na Benin ziliripoti kushuka kukubwa kwa dumuzi kwenye mitego. Christian Borgemeister, aliyefanya utafiti huo Benin akiwa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, baadaye alikuja Nairobi kuongoza ICIPE kuanzia 2005 hadi 2013, na swali likahamia huku pamoja naye. Kenya matokeo hayakuwa sawa kila mahali. Kwenye joto mwindaji alijimudu zaidi. Nyanda za juu zenye baridi zilimpunguza kasi kuliko zilivyompunguza dumuzi. Hata palipofaulu, dumuzi hakutoweka, na kuna misimu anayofumuka upya. Mtu akitaka hukumu fupi: mradi huu haukuwa muujiza wala hasara, na waliotarajia muujiza walikuwa hawajasoma hesabu ya uzazi iliyotajwa hapo juu.

Kibera na Kawangware

Nairobi iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, na baridi ya Juni hadi Agosti si hali ya hewa ambayo mdudu wa mabonde ya joto ya Mexico angejichagulia. Lakini magunia hayakai nje. Hupangwa kwenye vibanda vya mabati vinavyopata joto kali mchana, kuanzia Makina na pembeni mwa soko la Toi upande wa Kibera hadi Gatina na Congo upande wa Kawangware, na mdudu aliyesafiri nayo kutoka nchi ya joto anaweza kuendelea na maisha humo. Gunia la Makueni au Taita-Taveta ndilo lenye uwezekano mkubwa wa kumleta.

Muuzaji akimtambua afanye nini? Kwa bidhaa yake, hakuna cha kufanya tofauti. Mwindaji akionekana, maana yake dumuzi yumo au alikuwemo, na mahindi yanahitaji kuchekechwa, kuanikwa na kufungwa kwenye mfuko usiopitisha hewa. Mfuko huo huua wote kwa kukosa oksijeni, na kufa kwa mwindaji hapo si hasara kwa mtu, maana kazi yake iko shambani. Kwa mkulima wa mashambani hali ni nyingine: kuchanganya mahindi mapema na dawa ya vumbi yenye viambato viwili, mfano Actellic Super, ambayo kiambato kimoja humlenga fukusi na kingine dumuzi, ni ulinzi wa ghala; mwindaji ni ulinzi wa eneo zima. Faida ya mjini ni ya taarifa. Soko linalopokea mahindi ya kila upande ni mahali pazuri pa kujua dumuzi na mwindaji wake wamefika wapi, ikiwa tu mtu ataandika gunia lilitoka wapi.

Ikiwa mdudu ameokotwa kwenye banda la kuku, basi karibu kwa hakika si Teretrius. Samadi ya kuku ni uwanja wa Carcinops pumilio, aliyesambaa karibu dunia nzima na anayekula makumi ya mayai na mabuu machanga ya nzi wa nyumbani kwa siku. Kwa wafugaji wa kuku wa mitaani, ambao jirani hulala ng'ambo ya ukuta mmoja wa mabati na hulalamikia nzi kabla ya kulalamikia harufu, huyo ni wa thamani kuliko mwinda-dumuzi. Hustawi samadi ikiwa kavu kiasi. Samadi ya majimaji humpendelea nzi. Ndiyo maana wataalamu wa ufugaji hushauri banda lisafishwe kwa awamu na sehemu ya samadi kavu ya zamani iachwe, ili mbawakawa wasitupwe wote na nzi wakaanza upya bila mwindaji. Ila Carcinops ana doa moja, anaweza kubeba bakteria wa Salmonella kutoka kundi moja la kuku hadi jingine, kwa hiyo banda lililopatwa na ugonjwa husafishwa lote.

Anayetaka uthibitisho wa spishi aweke wadudu kadhaa, si mmoja, kwenye chupa ndogo ya alkoholi ya asilimia 70, pamoja na karatasi iliyoandikwa kwa penseli: mahali, tarehe, na walitoka kwenye mahindi, samadi au mbao. Wino huyeyuka kwenye alkoholi. Makavazi ya Taifa ya Nairobi yana mkusanyo wa wadudu wa kulinganishia, na maabara za KALRO za Kabete, kilomita chache kutoka Kawangware, hushughulikia wadudu wa mazao. Lenzi ya mkono hufikisha hadi jenasi. Kwa spishi, mtaalamu hutoa viungo vya uzazi vya dume na kuvitazama chini ya hadubini, kwa kuwa spishi nyingi za Teretrius zinafanana kwa nje.